Nilivyomfuata Manju Wetu Hadi Temeke

Ko! Ko! Halafu kokoko ya haraka haraka, kama mtu anayebisha hodi huku anacheka. Ndivyo lilivyokuwa likilia pembe la nyati la Dada Sikudhani, na mpaka leo nikifumba macho nalisikia. Aligonga kwa vijiti viwili vya mpingo, kisha akaimba, "Pembe limelia, nani kasikia?" Na wanawake wote wa mtaa wetu pale Bagamoyo, walioko uani na walioko jikoni, wakaitika kwa pamoja, "Sie tumesikia, twaja na mikeka!" Hapo ndipo vugo, ngoma yetu ya harusi, lilipoanza. Bila kuitikiwa halianzi.

Mara ya mwisho kulisikia nilikuwa mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka. Ilikuwa harusi ya nani sikumbuki. Nakumbuka pembe lililia, Dada Siku akaimba, mara kiganja cha mama kikanifunika mdomo, kinanuka vitunguu. Basi. Nikajua nimefanya kelele, maana mie tangu zamani msemaji. Siku chache baadaye Dada Siku alikuja kwetu na lile pembe amelifunga kwenye kanga kuukuu. Akamwambia mama, "Niwekee." Akaenda zake Dar es Salaam na hakurudi.

Nyie mnaosoma haya huenda kwenu hamna desturi hii, kwa hiyo naieleza. Kwetu kiongozi wa vugo tunamwita manju, na pembe la manju haligongwi na mkono mwingine mpaka mwenyewe arudi, au akushike mkono akuwekee juu yake, au afe. Dada Siku hakurudi, hakumshika mtu mkono, na hakufa. Basi pembe likakaa juu ya uchaga wa jikoni kwetu likila moshi, na vugo la mtaa likanyamaza. Mabibi harusi wote waliofuata walitolewa kwa makofi na vigelegele tu, kama watu wanaofukuza kunguru.

Sasa ikafika zamu yangu. Nimeposwa na Athumani, seremala, kijana mpole asiyesema neno mpaka alipime kwanza kama ubao. Ndugu zake wakasema, kwa kuwa vugo hakuna, wao wataleta santuri. Wanayo, ya kuzungusha kwa mkono, ina tarumbeta kubwa kama ua la boga. Nikasema siolewi kwa santuri. Wakauliza kwa nini. Nikasema ile sahani inayozunguka hailijui jina langu. Wakacheka, lakini mie sikucheka.

Wakati huohuo mjomba wangu Seif, anayeendesha lori la nazi, akaleta habari. "Yule manju wenu nimemsikia," akasema. "Yuko Temeke. Kila Jumapili alasiri anaimba na klabu moja, na mafidla na kila kitu. Watu wanajaa mpaka madirishani."

Usiku ule nililala na wazo moja na asubuhi nikaamka nalo. Nikamwambia mama, nakwenda kumleta Dada Siku. Nilidhani atanigombeza, maana mwari aliyebakiwa na wiki mbili kabla ya harusi hatakiwi kuliona jua, sembuse Dar es Salaam. Hakugomba. Alichambua mchele, akachambua mpaka pasipo na mchanga. Kisha akasema, "Utafikia kwa shangazi yako Kinondoni. Na huyo Siku usimwambie kwamba mie nimekutuma."

"Lakini hujanituma, mama."

"Ndiyo hivyo. Usimwambie."

Ijumaa alfajiri tuliondoka. Nilikaa mbele na mjomba, nyuma nazi zinagongana. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno yangu. Nilikusudia kuanza na salamu, halafu sifa, halafu machozi kidogo, halafu ombi. Mjomba akaniuliza mbona midomo inacheza. Nikasema nasoma dua.

Kabla ya Mto Mpiji mvua ya usiku ilikuwa imeigeuza njia kuwa uji. Gurudumu la nyuma likazama. Wanaume watatu waliokuwa juu ya nazi wakashuka kusukuma, lori likanguruma tu na kuturushia matope. Nikaona tukingoja hapo Jumapili itatukuta na vyura. Nikajifunga kanga kiunoni, nikashuka, nikaweka bega.

"Jamani!" mjomba akapiga kelele kutoka kwenye usukani. "Bibi harusi anasukuma lori! Athumani hakuposa mke, kaposa ng'ombe wa jembe!"

"Kanyaga mafuta, mjomba, acha maneno!"

Likatoka. Nilikuwa na matope mpaka kwenye nyusi, na yale maneno yangu niliyoyapanga yalinitoka yote kichwani. Bunju na Tegeta nilizipita nikiyatafuta.

Tulifika Kinondoni jua limeanza kupoa. Nilikuwa nafikiri Dar es Salaam yote ni maghorofa na taa, kumbe kwa shangazi Mwantumu ni mikorosho, nyumba za makuti, na viwanja vipya vilivyopimwa kwa kamba, kila kimoja kina mtu anayekanyaga udongo wa kukandikia. Shangazi alinitazama toka juu hadi chini.

"Huyu mwari au mfinyanzi?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwari hatembei, Mwanaidi! Mwari anafukizwa udi, anasingwa, analala. Wewe umepakwa matope ya Mpiji."

Nikamweleza nilichofuata. Jina la Sikudhani lilipotoka, shangazi aliacha kunivua ushungi, mkono wake ukabaki hewani. "Mama yako anajua?" akauliza. Nikasema anajua. "Haya," akasema, akanivua ushungi. Jirani yake, mke wa karani mmoja wa kutoka bara, alituletea ndoo ya maji ya moto ya kuogea, akasema harusi ni harusi, hata kwao Songea bibi harusi huogeshwa, ila si mara mbili kwa maji yaleyale. Ilibidi alete ndoo ya pili.

Jumamosi shangazi alinifungia ndani na kunisinga, kunisugua mwili kwa liwa, mpaka ngozi ikawaka. Nilikubali, mradi Jumapili anipeleke.

Jumapili baada ya adhuhuri tulitoka. Kutoka Magomeni tulipanda basi, likatuvusha bonde la Jangwani na kututeremsha Kariakoo. Toka hapo tulikwenda kwa miguu, kwa kuwa shangazi alisema basi la Temeke linamtia kichefuchefu. Tukapita Gerezani, ambako nyundo za karakana zilikuwa zimepumzika, tukapita Keko, tukapanda Chang'ombe. Shangazi alilalamikia kisigino chake tangu Keko.

"Kingekuwa kisigino chako ungerudi," akasema.

"Ningetambaa."

"Ndiyo, wewe ungetambaa. Umemfuata baba yako kwa ubishi."

Temeke nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, mpya, zinafanana mpaka nikajiuliza watu wanajuaje zao. Makuli wa bandarini walikuwa wamepumzika vibarazani, fulana zao zimeanikwa uani, bao linalia. Ukumbi haukuhitaji kuulizwa, fidla zilikuwa zinajipima sauti na watu wote walikuwa wanatembea kuelekea upande mmoja.

Mlangoni alisimama baba mmoja mpana, Mnyamwezi. Alitusikia tunavyosema, akatanua mikono kuziba njia.

"Wazaramo hao! Kwa Mzaramo kiingilio ni mara mbili, kwa kuwa anasikiliza kwa masikio na anakula kwa macho."

Shangazi alisahau kisigino. "Na wewe babu yako alibeba pembe za ndovu mpaka kwetu akasahau njia ya kurudi! Tangu siku hiyo mnakaa milangoni mkiuliza."

Yule baba alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Piteni, watani, piteni. Mkae upande wa wanawake. Lakini mkivunja kiti nauza mmoja wenu."

Ndani viti vilikuwa vimepangwa safu safu, na jambo hilo lilinishangaza, maana kwetu ngoma haina viti. Mbele walikaa wanaume wa kanzu nyeupe na tarbushi, wana fidla, udi, kodiani na ngoma ndogo ya dumbaki. Halafu akatoka yeye.

Sikumjua kwa sura. Niliyemkumbuka alikuwa mwembamba, mwenye kucheka. Huyu alikuwa mwanamke mnene kidogo, kavaa gauni la rangi ya zambarau na ushungi wa hariri, anasimama wima kama mtu aliyebeba mtungi. Mikono yake haikushika chochote. Lakini fidla zilipoanza, nikaona vidole vya mkono wa kulia vinagonga paja lake, polepole, viwili kisha vitatu. Ko, ko, kokoko. Nikamshika shangazi. "Ndiye!"

Aliimba nyimbo tatu nisizozijua. Sauti ilikuwa imeshuka, imekuwa nzito, inaingia mpaka kwenye mbavu. Watu walisikiliza kimya. Mmoja mmoja alinyanyuka akaenda kumtunza na kurudi kukaa. Kisha fidla zikatulia, dumbaki peke yake ikabaki, naye akainua uso akaimba:

"Pembe limelia, nani kasikia?"

Ndugu zangu, mie sikufikiri. Mtu wa kwetu hafikiri mahali hapo. Kumnyima manju kiitikio ni kumvua nguo mbele za watu. Nilisimama nikaitika kwa pumzi yangu yote:

"Sie tumesikia, twaja na mikeka!"

Ukumbi mzima uligeuka. Fidla, ambayo kumbe ndiyo iliyokuwa imefundishwa kuitika mahali pale, ikakwaruza na kukatika. Mama mmoja nyuma yangu akanivuta kanga. "Kaa chini, we mtoto! Hapa hakuitikiwi!" Wengine wakacheka. Shangazi aliufunika uso wake wote kwa ushungi, akawa kama mzigo uliosahauliwa juu ya kiti.

Dada Siku hakucheka. Alikuwa amesimama vilevile, lakini vidole vimeacha kugonga. Nikajua nimemharibia. Ndipo akaimba tena, safari hii bila dumbaki, bila chochote, na hakumtazama mtu:

"Pembe limelia... nani kasikia?"

Nilikuwa na nafasi ya kukaa. Kiti kilikuwa palepale. Nikabaki nimesimama, nikaitika tena, sauti inatetemeka lakini inafika. Na mpiga fidla, Mungu ambariki, akanifuata chini chini mpaka mwisho.

Ngoma ilipokwisha, jua bado lipo, nikamwendea. Nilimkuta nyuma ya ukumbi amekaa kwenye kibao, amevua viatu, anakunywa chai.

"Shikamoo, Dada Siku. Mie naitwa..."

"Mwanaidi wa Bi Zuhura," akasema. "Sauti imekua, lakini haraka ni ileile. Unaitika kabla sijafunga mdomo."

"Ileile ya lini, dada?"

Akaweka kikombe chini. "Hukumbuki." Akaniambia nikae.

Akanieleza bila hasira, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Mwaka ule mumewe alikuwa amempa talaka. Alipotoka eda akaendelea na kazi yake ya vugo, kumbe wanawake wa mtaa walikuwa wananong'ona kwamba pembe likigongwa na mtalaka, bibi harusi hurithi talaka. "Hakuna aliyekuja kwangu akaniambia, Siku, pumzika. Ningepumzika. Walingoja siku ya harusi, wageni wamejaa, nimevaa, nimegonga. Nikaimba. Wakanyamaza. Wote. Nilisikia kuku anakwaruza uani."

Akakiinua kikombe, akanywa funda moja.

"Ila kitoto kimoja," akasema. "Kiko miguuni mwa mamake. Kikaitika peke yake, 'Sie tumesikia, twaja na mi...' Hakikumaliza. Mamake alikiziba mdomo."

Hapo, mchana kweupe, nyuma ya ukumbi wa Temeke, nilinusa vitunguu.

Sikuwa na salamu tena, wala sifa. Machozi yalikuja yenyewe bila kupangwa. Lakini nilikuwa sijasukuma lori Mpiji ili nirudi na machozi. Nikasema, "Dada Siku, sina haki ya kukuomba. Lakini ndugu za Athumani wanaleta santuri, na mie siolewi kwa santuri."

Alianza kucheka taratibu, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ushungi. "Mie niliolewa kwa vugo la siku saba, mwanangu, na niliachwa vilevile. Pembe halishiki ndoa."

"Sitaki lishike ndoa. Hiyo tutaishika wenyewe. Nataka siku hiyo niitwe na linalonijua."

Akanitazama. "Mama yako kakutuma?"

"Amesema nisiseme kwamba kanituma."

Nilipojisikia nikajua nimekwisha. Lakini yeye akatikisa kichwa. "Basi hujasema. Na pembe?"

"Liko uchagani. Hajaligusa mtu."

"Hata yeye?"

"Hata yeye. Panya wakipita juu yake anawafukuza kwa ufagio, lakini lenyewe halishiki."

Alimaliza chai yake. Kisha akafungua mkoba wake, chini ya chupa ya manukato na kitana, akatoa vijiti viwili vya mpingo, vimeng'aa kwa kushikwa. Nikajua kwamba miaka yote hiyo vugo la kwetu lilikuwa limegawanyika, nusu Bagamoyo na nusu Temeke.

"Sikiliza," akasema. "Mkono sikuwekei. Nikikuwekea mkono, mama zako watapata pembe na mie watanisahau vizuri. Mwambie Bi Zuhura aje mwenyewe. Sitaki aniambie kitu, maneno ninayo mengi, nayaimba kila Jumapili. Aje akae pale ulipokaa wewe. Nitaimba, aitike. Mbele za watu, kama ilivyokuwa mbele za watu. Akiitika, nakuja na vijiti vyangu na pembe litalia. Asipoitika, msalimie mwenye santuri."

"Jumapili ijayo ndiyo iliyobaki kabla ya harusi."

"Basi ni hiyo."

Tulirudi Kinondoni shangazi yuko mbele yangu mpaka tulipofika Kariakoo. Hapo akasema bila kugeuka, "Na mie nilikuwapo siku ile. Nilinyamaza na wenzangu." Halafu akaanza tena kulalamikia kisigino.

Jumatatu mjomba alinirudisha na lori tupu. Njia ya Mpiji ilikuwa imekauka, tukapita bila kushuka. Nilikuwa na maneno machache sana ya kupanga safari hii.

Nilimkuta mama jikoni anakata vitunguu. Nikamsalimu, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia yote. Hakunikatiza. Kisu kiliendelea, ingawa vile vitunguu vilikuwa vimeshakatika zamani. Nilipofika kwenye kitoto kilichozibwa mdomo, kisu kikasimama.

"Alisikia?" akauliza. "Siku ile, alikusikia?"

"Alinisikia, mama. Ndicho alichoondoka nacho."

Alinawa mikono, akainusa, akanawa tena. Nikamwambia kama hawezi, sitamlaumu. Nitaolewa kimyakimya, lakini santuri haitaingia uani kwetu. Alitazama uchagani, kisha akauliza, "Lori la Seif linatoka saa ngapi Jumamosi?"

Kabla ya safari hii nilidhani nakwenda kumfuata mwanamke aliyetusahau kwa ajili ya mji. Nimejifunza kwamba aliyesahau si yeye. Na nimejifunza kwamba sauti moja, hata ya kitoto, hata iliyokatwa katikati, mtu anaweza kuishi nayo mbali na kwao.

Leo ni Jumamosi. Alfajiri mama alivaa buibui lake jipya, akapanda mbele ya lori, mikono kaiweka mapajani. Lori lilipokata kona nilimwona midomo inacheza. Hakuwa anasoma dua.

Nyumba ilikuwa tupu. Nikapanda kigoda, nikalishusha pembe kutoka uchagani. Nililishika kwa kanga, mkono wangu usiliguse. Nikalifuta masizi mpaka weusi wake wenyewe ukatokea, nikalipaka mafuta ya nazi ndani na nje. Kisha nikautandika barazani mkeka niliousuka kwa ajili ya harusi yangu, nikaliweka juu yake, mdomo wake ukaelekea njia ya Dar es Salaam.